Waumini, Mageuko ya Viumbe na Kosa la Kudhihaki

Katika kazi ya elimu ya siasa yako makosa ambayo hayatokani na upungufu wa vitabu bali yanatokana na kiburi. Tunaanza makala haya kwa kueleza kosa moja la namna hiyo. Kosa lenyewe lilikuwa letu, na kanuni ya kukosoa haina maana yoyote bila kujikosoa.

Katika semina moja ya itikadi iliyofanyika Ilemela, si mbali na mwalo wa Kirumba, tulikuwa tunafundisha hatua za maendeleo ya jamii: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari na ujamaa. Kama ilivyo desturi, somo lilianzia kwa zamadamu. Washiriki walikuwa wavuvi, wachuuzi wa dagaa, walimu wa shule za msingi na mabalozi wa mashina. Baadhi yao walitamka waziwazi kwamba hawakubali kuwa binadamu ametokana na viumbe wengine. Badala ya kuwauliza kwa nini, sisi tulisema kwamba sote tumetoka kwa nyani, na kwamba anayebisha ni yule ambaye bado hajashuka mtini. Ukumbi ukacheka. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa hakucheka. Alisimama akasema: "Mwalimu, babu yangu aliitwa nyani na bwana shamba Mzungu, enzi za pamba. Leo umeniita wewe. Naomba unieleze tofauti iko wapi."

Hatukuwa na jibu. Tulisema muda umekwisha, tukafunga somo. Makala haya ni jaribio la kumjibu yule mama, na ni uhakiki wa namna sisi tunaojiita watu wa sayansi tunavyowahukumu waumini wanaoikataa nadharia ya mageuko ya viumbe.

Mambo yasiyo na ubishi

Kwanza kabisa hatuna budi kukiri kwamba mzaha wetu ulikuwa mbovu hata kwa kipimo cha sayansi yenyewe. Hakuna mwanasayansi anayefundisha kwamba binadamu ametokana na nyani tunaowaona leo wakiiba mahindi. Kinachofundishwa ni kwamba binadamu na sokwe wana asili moja ya kale sana, na kwamba koo zao ziliachana yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Sokwe si babu yetu, ni binamu. Hivyo basi, kada aliyekuwa akiwacheka wengine kwa kutojua, yeye mwenyewe hakuwa amelijua somo.

Hata hivyo, kukiri kosa la adabu si kuuacha ukweli. Mageuko ya viumbe si uvumi. Ushahidi wake uko katika miamba, katika maumbile ya miili, na hapa kwetu uko majini. Wataalamu waliochunguza mashapo ya chini ya Ziwa Viktoria wameonyesha kwamba ziwa hili lilikauka, kisha likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Pamoja na uchanga huo, ziwa lilikuja kuwa na aina zaidi ya 500 za furu, ambazo nyingi hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wapo furu wanaokula konokono, wanaokwangua miani juu ya mawe, wanaokula wadudu, na wanaokula samaki wenzao. Na kila mmoja ana taya na meno yanayolingana na riziki yake.

Kuanzia mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifanya kazi ya miaka mingi katika Ghuba ya Mwanza. Mwaka 1985 aina moja ya furu wa miamba ilielezwa kitaalamu na kupewa jina la *nyererei*, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Dume la aina hii ni jekundu. Nduguye wa karibu, anayeitwa *pundamilia*, ana rangi inayoelekea buluu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha jinsi aina hizi mbili zinavyotengana. Kadiri unavyokwenda chini katika maji ya ziwa letu, nuru ya buluu hupungua na nyekundu hubaki. Macho ya samaki wa kina kirefu yamekaa kwa namna ya kuiona zaidi nuru nyekundu, na majike wao huchagua madume mekundu. Pale maji yanapokuwa maangavu, aina mbili hubaki mbili. Pale maji yanapochafuka kwa matope na mbolea, jike hawezi tena kupambanua rangi, na aina mbili huanza kuchanganyika kuwa moja. Mvuvi wa dagaa ambaye maisha yake yote ametumia taa kuwavuta samaki usiku hahitaji kushawishiwa kwamba nuru inatawala mwenendo wa samaki.

Vivyo hivyo kuhusu sangara. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960; ilipofika miaka ya 1980 akawa ameongezeka mno, na inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Lakini baadhi ya waliosalia hawakubaki vilevile. Katika muda wa miaka ipatayo 20 tu, furu mmoja wa Ghuba ya Mwanza aliyepungua sana kisha akaongezeka tena alionekana kuwa na matamvua makubwa zaidi, jambo linalomfaa katika maji yaliyopungukiwa hewa. Mzee wa Kayenze au Igombe aliyevua kabla ya sangara na baada ya sangara ameyaishi mageuko haya, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba hilo ndilo jina lake.

Muumini makini atatujibu: "Sawa, lakini furu amebaki furu." Hoja hii haistahili kuchekwa. Ni kweli kwamba miaka 15,000 haitoshi kumgeuza furu kuwa kiumbe cha namna nyingine kabisa. Kwa mageuko makubwa twahitaji muda mrefu zaidi, na ushahidi wake ni wa mifupa na nyayo: fuvu la kiumbe wa kale aliyeitwa Proconsul, lililopatikana mwaka 1948 katika kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa ziwa hili hili, fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Oldupai mwaka 1959, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75, nyayo za Laetoli zilizofukuliwa mwaka 1978, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita. Huu ndio msimamo wetu, na hatuna sababu ya kuuficha.

Kwa nini wapo wanaokataa?

Wenye mashaka na dini wana jibu moja jepesi: ujinga. Jibu hilo halitoshi. Tumewafahamu walimu waliofaulu vizuri mtihani wa biolojia, walioandika kila walichotakiwa kuandika juu ya Darwin, na ambao Jumapili au Jumamosi husimama kanisani kuyakana. Hawa hawakukosa habari. Sababu lazima zitafutwe mahali pengine, na sisi tunaziona tatu.

Sababu ya kwanza ni dharau. Nadharia hii haikuja Afrika peke yake. Ilikuja pamoja na mkoloni, na mkoloni aliigeuza kuwa ngazi: yeye juu, sisi chini, sokwe chini yetu. Darwin mwenyewe aliuchukia utumwa, na ndiye aliyebashiri kwamba chimbuko la binadamu litapatikana Afrika. Lakini kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya binadamu kina maneno yanayopanga mataifa kwa daraja na kumweka Mwafrika karibu zaidi na sokwe. Waliomfuata walikwenda mbali zaidi. Katika enzi ya utawala wa Wajerumani, mafuvu zaidi ya 1,000 yalichukuliwa kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Berlin, yakapimwe kwa ajili ya elimu hiyo ya ngazi za mataifa. Mwaka 2023 ndipo ilipotangazwa kwamba baadhi ya mafuvu hayo, kwa uchunguzi wa nasaba, yamelinganishwa na jamaa walio hai mkoani Kilimanjaro. Yule mama wa Kirumba hakusoma habari hizi kitabuni, lakini alizirithi katika jina la matusi aliloitwa babu yake.

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa Ota Benga. Kijana huyu kutoka Kongo alipelekwa Marekani, na Septemba 1906 akaonyeshwa kwa umma katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani, pamoja na orangutani. Maelfu ya watu walikwenda kumtazama. Waliosimama kumtetea walikuwa wachungaji weusi wa Kibaptisti, wakiongozwa na James H. Gordon, msimamizi wa nyumba ya yatima. Walisema mambo mawili. La kwanza, huyu ni binadamu mwenye roho. La pili, maonyesho haya yamekusudiwa kuithibitisha nadharia ya Darwin, na nadharia hiyo ni kinyume cha Ukristo. Gazeti la New York Times likamjibu mchungaji kwa kejeli, kwamba mageuko sasa yanafundishwa mashuleni na hayana ubishi, sawa na jedwali la kuzidisha. Ota Benga alitolewa, akachukuliwa na Gordon. Miaka 10 baadaye, mwaka 1916, alijiua.

Tulipime jambo hili kwa haki. Gazeti lilikuwa sahihi kuhusu biolojia, likakosea kuhusu mtu aliyekuwa ndani ya tundu. Wachungaji walikosea kuhusu biolojia, wakawa sahihi kuhusu mtu. Kama tungekuwa New York siku ile, mwanamapinduzi wa kweli angesimama upande gani? Jibu halina utata. Na kama hivyo ndivyo, basi kukataa mageuko kunaweza kuwa, kwa mtu aliyedharauliwa, njia pekee aliyopewa ya kusema: mimi ni mtu. Kumwambia mtu huyo kwamba ni mjinga ni kutosikia anachosema.

Sababu ya pili ni kwamba imani si orodha ya maoni ambayo mtu anaweza kufuta moja na kubakiza mengine. Ni nyumba, ukivuta nguzo moja, mwenye nyumba huhofia paa. Tuwachukue Waadventista Wasabato, ambao wamekuwa katika eneo la Ziwa tangu utawala wa Wajerumani. Kwao siku ya saba ni takatifu kwa sababu Mungu aliumba kwa siku sita akapumzika ya saba. Mchuuzi Msabato hufunga biashara yake Jumamosi, siku ambayo wenzake wanauza, na hasara hiyo huibeba kila wiki kwa ajili ya siku hizo sita. Ukimwambia siku zile ni mamilioni ya miaka, kwako umerekebisha hesabu. Kwake umegusa Sabato yenyewe. Si ajabu kwamba George McCready Price, Msabato wa Kanada, ndiye aliyeandika mwaka 1923 kitabu kilichoeleza miamba yote kwa gharika ya Nuhu, na kwamba mawazo yake yalifufuliwa na Waprotestanti wengine wa Marekani kuanzia mwaka 1961, kisha yakasambaa hadi kwetu. Aidha, tusisahau kwamba kanisa au msikiti ndio unaomzika mtu, unaomtembelea akiugua, unaomchangia akifiwa. Anayetakiwa kuchagua baina ya mafuvu ya Oldupai na watu watakaomzika, hatakawia kuchagua.

Lakini tuseme pia kwamba hawa ni baadhi tu ya waumini. Papa Pius wa 12 aliruhusu suala la asili ya mwili wa binadamu lichunguzwe mwaka 1950, na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alitamka kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Wapo Waislamu wengi wanaokubali kwamba wanyama hubadilika, huku wakishikilia kwamba Adamu aliumbwa peke yake. Anayezungumza juu ya "waumini" kana kwamba ni kundi moja hajafanya uchunguzi.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi walimu. Kwa miaka mingi kijana wa sekondari amefundishwa somo hili kwa Kiingereza, kwa kukariri majina ya Lamarck na Darwin, na kwa mifano ya twiga na ya vipepeo wa Uingereza. Anaandika mtihani, anasahau. Ziwa liko umbali wa kutembea kwa miguu, furu wako kwenye ndoo ya mama yake, na hakuna aliyemwonyesha. Elimu isiyogusa mazingira ya mwanafunzi humfikia kama amri ya mgeni, na amri ya mgeni hukubaliwa mdomoni tu.

Hukumu ya wenye mashaka

Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa ya Kenya mjini Nairobi yalipokuwa yakifanyiwa ukarabati, Askofu Boniface Adoyo aliongoza madai ya makanisa ya kiinjili kwamba mifupa ya zamadamu isipewe nafasi ya mbele katika maonyesho, na kwamba mageuko yaelezwe kuwa ni nadharia tu. Miongoni mwa mifupa hiyo ni ile ya kijana wa Turkana, wa miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita. Askofu alisema kwamba yeye hakutokana na kijana huyo wala na chochote kinachofanana naye. Richard Leakey, aliyewahi kuyaongoza makumbusho hayo, alijibu kwa ukali mkubwa. Makumbusho hayakurudi nyuma.

Tunavyoona sisi, makumbusho yalifanya vyema. Ushahidi haufichwi stoo kwa sababu unamkera mtu, awe askofu au waziri. Askofu alikosea pia katika matumizi ya neno "nadharia": katika sayansi nadharia si kisio, ni maelezo yaliyopimwa yakasimama. Lakini mjadala wenyewe ulipita bila jambo muhimu kusemwa kwa sauti. Mifupa ya kijana wa Turkana iligunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kama kibarua wa kuchimba na ambaye jicho lake lilishinda la maprofesa wengi. Richard Leakey naye alikuwa mjukuu wa mmisionari wa Kianglikana. Yaani sayansi hiyo haikuwa ya wageni dhidi ya Waafrika, wala ya makafiri dhidi ya Wakristo. Kama hili lingewekwa mbele, mazungumzo yangekuwa baina ya watu wa nyumba moja. Badala yake upande mmoja ulitisha na mwingine ukadharau.

Mwenye mashaka hujitapa kwamba hahukumu bila ushahidi. Basi na ajipime kwa kanuni yake. Je, amechunguza kwa nini mtu huyu anakataa? Amemuuliza? Kama hajafanya hivyo, hukumu yake ya "ujinga" ni imani isiyochunguzwa, sawa na ile anayoilaani.

Nasi wa upande wa siasa tusijione tuko salama. Nyani haoni kundule. Agosti 1948, katika Umoja wa Kisovieti, elimu ya urithi wa viumbe ilipigwa marufuku kwa jina la itikadi. Trofim Lysenko alidai kwamba elimu hiyo ni ya kibepari, na Chama kikamuunga mkono. Mtaalamu mkubwa wa mbegu, Nikolai Vavilov, alikuwa tayari amekufa gerezani mwaka 1943. Waliofanya hayo hawakuwa wachungaji wala masheikh. Walikuwa makada waliosoma, wanaoamini maada, wanaomsifu Darwin mikutanoni. Waliukataa ushahidi kwa sababu ile ile inayomfanya muumini aukatae: uaminifu kwa kundi, na hofu kwamba nguzo ikivutwa paa litaanguka. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na dola mkononi, na madhara yakawa makubwa kwa kiasi hicho. Kada anayemcheka Msabato na kunyamaza juu ya Lysenko hajajifunza historia ya harakati zake mwenyewe.

Wajibu wetu

Katiba ya nchi yetu inatamka kwamba dola haina dini, na inalinda uhuru wa mtu kuamini. Wengine hudhani maana yake ni kwamba kada asiguse suala hili kabisa. Hatukubaliani nao. Kunyamaza ni kumwachia mwananchi matusi ya mkoloni kama ndiyo maana pekee ya somo. Tunapendekeza mambo matatu.

(a) Tufundishe bila kuficha na bila kudhihaki. Anayekataa apewe nafasi ya kueleza sababu yake mpaka mwisho, na sababu hiyo ijibiwe yenyewe. Kuuliza si ujinga.

(b) Tuanze na furu. Mwanafunzi wa Ilemela aone kwa macho taya za samaki wawili wenye riziki mbili kabla ya kusikia jina la Darwin.

(c) Tuieleze historia yote, pamoja na tundu la Bronx na mafuvu ya Berlin. Tuseme wazi kwamba ngazi ya mataifa ilikuwa uongo, na kwamba ni sayansi ya urithi yenyewe iliyokuja kuivunja, ilipoonyesha kwamba binadamu wote wa leo wana asili moja ya karibu, hapa Afrika. Azimio la Arusha la mwaka 1967 linaanza na usawa wa binadamu kama imani. Mifupa na damu havikupingana na imani hiyo.

Yule samaki mwekundu wa Ghuba ya Mwanza ana jina la mtu aliyefundisha biolojia Tabora kabla ya kuingia siasa, na ambaye alikuwa Mkatoliki mshika dini mpaka kifo chake mwaka 1999. Hatulitaji jambo hili ili kumaliza ubishi, bali kuonyesha kwamba watu wanaweza kuheshimiana wakati ubishi unaendelea.

Na kwa yule mama jibu letu ni hili. Bwana shamba alimwita babu yako nyani ili amtoe katika ubinadamu na kumfanyisha kazi. Sayansi inasema kwamba bwana shamba, babu yako, wewe na sisi tuna babu mmoja, na hakuna aliyesimama ngazi ya juu. Tofauti iko hapo. Lakini siku ile tulipokucheka hatukusema maneno ya sayansi. Tulisema maneno ya bwana shamba. Ulikuwa na haki ya kukasirika, na utabaki nayo hata kama hutakubali kamwe habari za zamadamu.